Namba ya Kichwani

Wazo la namba lilikuwa langu. Ninalisema mapema, kwa sababu wachache wanaojua habari hii hunifariji kwa kuwalaumu wazungu, na mimi nimechoka kuwabebesha wazungu kosa ambalo si lao.

Watafiti walikuja wawili, mwanamke na mwanamume, kutoka chuo kikuu cha mbali. Walitaka kuelewa jinsi magunia ya madini yanavyotoka kwenye maghala yenye ukuta, geti na walinzi, bila ukuta kubomolewa wala mlinzi kuguswa. Nani anamfungulia nani, nani anamkinga nani, na nani akikasirika watu hulala na viatu miguuni. Walihitaji mwenyeji mwenye shahada ya sosholojia asiye na kazi. Mimi nilikuwa na shahada yangu kabatini, na nilikuwa nauza unga wa mahindi kutoka Kapolowe mbele ya nyumba ya mama, kule Panda, katika kambi ya zamani ya wafanyakazi.

Sheria ya kwanza ilikuwa kwamba jina la mtu haliandikwi. Watafiti walitaka kuwapa wahojiwa namba kwa mfuatano: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikajitia mjuaji. Nikasema mfuatano unamsaliti mtu, maana anayejua siku niliyomtembelea fulani atajua yeye ni wa ngapi. Afadhali kila mmoja achague mwenyewe tarakimu tano za kichwani mwake, ambazo hata sisi hatujui zimetoka wapi. Yule mwanamke aliliandika wazo hilo kwenye daftari lake, akalipigia mstari. Kichwa kilinivimba wiki nzima.

Mtu wa tisa niliyemhoji alikuwa jirani yetu. Alifanya kazi na marehemu baba yangu kwenye karakana za kampuni kubwa ya zamani, na alipostaafu akapata kibarua cha kulinda geti la ghala moja. Mimi humwita papa. Yeye huniita mama, kama wazee wa kwetu wanavyowaita mabinti wanaowapenda. Nilipokuwa mtoto, majirani walipotugeuka, na watu wa asili ya mkoa wa Kasai kama sisi tukaanza kufukuzwa mjini, papa huyu alitufungia chumbani mwake siku tatu, baba, mama na mimi. Vijana walipokuja kugonga, alisimama mlangoni akawaambia tumekwisha kupanda treni. Hakuwa mtu wa Kasai, na angeweza kutuacha. Nakumbuka harufu ya viatu vyake vya kazi, maana nilikuwa nimelala uso ukivigusa, na kiganja cha baba kimeniziba mdomo.

Kwa hiyo nilipomwomba anieleze habari za geti, alinieleza. Angekuja mtu mwingine asingesema. Aliniambia nani huleta karatasi yenye muhuri kabla ya misa ya kwanza, lori husimama wapi, na kwamba anayepanga yote ni kijana wa kambi yetu hii hii, mwana wa mzee mwenzake. Huyo kijana sasa ana gari jeupe. Mlinzi mmoja aliyewahi kumtaja alivunjwa miguu yote miwili. Tulipomaliza nikamwomba papa namba ya kichwani. Hakufikiri hata kidogo. Aliitamka haraka, kama mtu anayejibu salamu.

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Namba ya kwanza niliyoijua maishani, kabla sijaweza kuhesabu hadi kumi, ilikuwa matrikule ya baba, namba yake ya kazi ya tarakimu tano. Kila mfanyakazi alikuwa na yake, na mama alinituma na hiyo kwenye foleni ya posho. Karani akiita, mtoto anaitika "Iko!" na kupokea unga na samaki wakavu. Kambini watu walijuana kwa namba kama wanavyojuana kwa sura, na mpaka leo wazee wakitaka kunitania huniita kwa ile ya baba. Ningeulizwa mimi namba ya kichwani, ningetoa hiyo hiyo. Lakini siku ile nilikuwa mtafiti, nina fomu ya idhini mkononi, nikaziandika tarakimu za papa kwa mwandiko mzuri na kumshukuru. Sitaziandika hapa. Angalau hilo nimejifunza.

Miezi ikapita, watafiti wakarudi na matokeo. Wana desturi ya kutochukua maneno ya watu na kupotea nayo. Huyarudisha mbele ya wenyewe. Tukaazima ukumbi wa parokia. Ukutani tukabandika karatasi kubwa kama shuka, imejaa maduara na mistari: geti, ghala, lori, ofisi, na katikati duara moja nene lisilo na jina. Kando ya kila mstari ilikuwepo namba ya aliyetueleza. Niliibandika mwenyewe, nimepanda juu ya kiti, nikailainisha kwa viganja ili isijikunje.

Wazee wastaafu walikaa mbele, kwa heshima yao na kwa sababu hawaoni vizuri. Mmoja akavaa miwani, akaanza kusoma, midomo ikicheza. Kisha akageuza kichwa taratibu na kumtazama papa. Wa pembeni yake naye akamtazama. Nikautazama ukuta kwa macho yao, nikaona orodha ya posho. Wahojiwa wengine walikuwa vijana waliotoa namba za ovyo ovyo. Ya papa peke yake ilikuwa na mwenyewe.

Nilitaka kuing'oa ile karatasi, mikono ikaniwasha. Lakini kijana wa gari jeupe alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango, amekuja kama mwananchi yeyote, na ningeing'oa angejua kuna kitu. Yeye alizaliwa posho ikiwa imekwisha. Namba za wazee hakuzijua. Aliinua simu akapiga picha ukuta mzima, kisha akauliza kwa adabu namba hizo ni za nini. Nikamjibu ni mambo ya kitaalamu tu. Akanishukuru. Nilisimama pale saa mbili nzima, mgongo ukigusa ukuta, nikijaribu kuziba tarakimu tano kwa bega langu.

Tangu siku hiyo sikuwa na pa kutokea. Kuwaambia watafiti kulikuwa kuwaambia namba ni ya nani, na nilikuwa nimetia sahihi kwamba sitamtaja. Kuwaomba wazee wanyamaze kulikuwa kuwathibitishia. Kuhama sikuweza, mama hatoki katika nyumba ile, na watu wangeuliza nimekimbia nini. Papa naye alikwenda getini kila asubuhi kama kawaida, maana kuacha kazi ghafla kungekuwa kujitaja. Hakunigusia neno. Mimi nilianza kuteka maji saa ninazojua hayupo, kwa haya. Nilikaa na unga wangu mbele ya nyumba, gari jeupe linapita, linapunguza mwendo, na mwenyewe ananisalimia. Usiku nilimchukia, mchana nilimwitikia salamu.

Kisha likaja tangazo la uhakiki. Kila baada ya muda wastaafu wa kampuni hukusanywa kwenye uwanja wa shule ili ijulikane nani bado yupo. Asiyeitika hufutwa, na aliyefutwa hana tena kadi ya matibabu. Namba ya marehemu huitikiwa na mjane au mtoto. Nilikwenda badala ya mama, ambaye magoti yamemgomea. Papa alikuwepo, ameshika kifuani bahasha ya vyeti vyake vya shinikizo la damu. Kijana naye alikuwepo, amemleta baba yake kwa gari.

Karani akaanza kuita. Aliita namba bila majina, kama zamani. Wazee wakaitika, "Iko," mmoja baada ya mwingine, na baadhi walinyoosha mgongo walipoitika. Kijana alikuwa ameegemea gari, anachezea ufunguo. Zilipokwisha kuitwa namba kama ishirini akaacha kuuchezea. Akatoa simu, akaitazama, akainua kichwa na kusikiliza. Nilijua anatazama picha gani.

Namba huitwa kwa kupanda, kwa hiyo sote tuliojua tulisikia inakaribia. Nilifikiria kupiga kelele. Nilifikiria kujiangusha nijifanye nimezimia. Sikufanya lolote. Karani akaiita. Papa alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, akaikaza bahasha kifuani. Karani akaita mara ya pili, wazee wakainamisha macho mavumbini. Akaita mara ya tatu, kisha akauliza kama kuna anayejua habari za mtu huyo.

Aliyejibu alikuwa baba yake yule kijana.

"Alikufaka," alisema, bila kumtazama mtu. "Ule muntu alikufaka zamani."

Karani akapiga mstari kwa rula. Kijana akarudisha simu mfukoni. Papa hakusogea, alibaki pale mpaka mwisho kama mtu aliyemsindikiza mwenzake. Namba chache baadaye ikaitwa ya baba yangu, ambaye yuko kaburini mwaka wa kumi na tisa sasa, nami nikaitika "Iko" kwa sauti nzima kabisa.

Tulirudi Panda kwa miguu, papa na mimi. Nililia barabarani bila kujificha, nikamwomba msamaha, kisha hasira ikanishika nikamuuliza kwa nini, kati ya namba zote za dunia, alinipa ile. Alisubiri nimalize kupenga kamasi. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Weye ulinilomba numero ya mu kichwa, mama," alisema. "Minye niko na moya tu."

Vidonge vyake vya shinikizo sasa nampelekea mimi kila mwezi, ndani ya mfuko wa unga, watu wasiulize. Ananifungulia ule mlango aliosimama mbele yake siku zile tatu, anapokea, anashukuru, na kuufunga. Nikichelewa, hanikumbushi.