Matundu ya Boneti

Kila Jumatano pikapu ya Kaijage, imesheheni ndizi, ilichemka kwenye kilima cha Igurwa, nje ya nyumba ya Placidia, mjane. Placidia alimletea dumu la maji, wakapiga soga mpaka injini ipoe. Lakini anayechelewa sokoni huuza makombo, hivyo Kaijage akaenda kwa fundi wa magari mjini Omurushaka, akatobolewa boneti matundu ya kutolea joto.

Jumatano iliyofuata gari lilipanda bila kusita. Placidia alikuwa tayari barabarani na dumu lake. Kaijage, akiwa hana tena sababu ya kusimama, alipiga honi akapita, macho kwenye kioo cha pembeni mpaka kona ikamficha mama wa watu.

Kesho yake alikuwa kwa fundi.

“Yazibe.”

“Yanaingiza mvua, mzee?”

“Hapana. Uliyatoboa vizuri mno.”