Nilisema Tunafuga Matumbo

Jamani, kosa ni langu na mdomo ni wangu. Simsingizii mtu.

Mimi nafagia maabara moja huku Msambweni, nyuma ya kliniki ya watoto. Shule niliishia darasa la nane, lakini ndoto zangu hazina habari!

Siku moja daktari wetu, dada mpole, akanionyesha kisahani chenye vitone vidogo kuliko punje za mtama. "Hivi ni vijitumbo. Tumevikuza kutoka kipande kidogo cha utumbo wa mtu mzima aliyeridhia. Tunavitia virusi vya kuhara, tuvisome."

Yarabi, nilivyovimba kichwa! Asubuhi yake nikampitia jirani yetu Mama Riziki, muuza mahamri.

"Shikamoo mama. Wajua kazini kwetu tunafuga matumbo ya watu?"

"Marahaba... Mnafuga?"

"Ee! Tunayalisha kila siku, kisha tunayatia ugonjwa."

"Matumbo ya kina nani?"

"Siri ya kazi, mama."

Siri ya kazi! Hapo nilijimaliza.

Kufikia adhuhuri habari zimefika hadi kijiji cha Jego. Shangazi yangu mwenyewe akanionya: "Mtoto akiingia pale hutoka mtupu ndani, kama ngoma!" Kliniki ikawa nyeupe, hata mama mmoja haji.

Nilicheka, astaghfirullah. Nilicheka mpaka nikasikia mjukuu wa Mama Riziki anahara siku ya pili na amefichwa ndani. Nikatimua mbio. Mtoto macho yamezama, analia bila machozi.

"Mama, tumpeleke kliniki!"

"Kwenu? Mkamfuge?"

Nikapiga magoti. "Mama, nilitaka nionekane msomi. Hakuna tumbo la mtoto pale! Kwa watoto wanaomba kinyesi tu, ndimo virusi vilimo."

"Kinyesi tu?"

"Wallahi, kinyesi tu."

"Si ungesema, we mjinga! Hicho kiko tele."

Akajitanda leso, tukambeba. Alinyweshwa maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, na alhamdulillahi akapona.

Daktari hakunifukuza. Alinituma nyumba kwa nyumba nikanushe maneno yangu mwenyewe. Aibu iliyoje! Wengine walinifungia mlango, na hadi leo naitwa Mfuga Matumbo.

Jina nalibeba. Kile kilio kikavu ndicho kinachonielemea. Ndugu yangu, kama jambo hulijui, sema hulijui. Hutakufa. Mimi niliona haya kusema, nusura afe mtoto wa watu.