Boneti Ilikuwa Moto

Niliondoka nyumbani Endebess kwa sababu ya maziwa. Mimi na mama hukusanya maziwa ya majirani tisa kila asubuhi, nami huyapeleka Kitale kwa pikipiki, mitungi miwili upande huu na miwili upande ule. Wakati wa jua hakuna shida. Mvua ikianza, barabara yetu huteleza kama sabuni, na mwaka uliopita nilianguka na mitungi mara mbili. Mara ya pili majirani walinipa pole, lakini niliwasikia pembeni wakisema kwamba mvua ijayo watamtafuta mtu mwenye gari.

Basi mama akauza ng'ombe wawili. Mmoja alikuwa Chelel, mwenye paji jeupe, ambaye alitoa maziwa mengi kuliko wote. Aliponipa zile pesa alisema hivi: "Ng'ombe ukikosea kumnunua unaweza kumchinja. Gari ukikosea, litalala hapa nyumbani kuku watagie ndani. Nenda polepole."

Polepole si shida kwangu. Niliishia darasa la nane, na hata kuandika huku ninaandika polepole. Shida yangu ni kusema na watu nisiowajua.

Saa mbili asubuhi nilifika Kitale, kwenye garaji ya fundi Wafula, ambaye hutengeneza pikipiki yangu. Nilitamani twende pamoja Bungoma, ambako shangazi wa mke wake alikuwa anauza gari. Nilimkuta amelala chini ya lori, gia zote zikiwa zimetandazwa juu ya gunia.

"Siwezi kwenda bana," akasema bila kutoka. "Mwenye hii lori amekaa hapo nje na mkeka, anaingoja. Lakini shika kitabu uandike. Unataka gari ya kuringa ama ya kazi?"

"Ya kazi."

"Ya kazi tutaibadilisha. Tutatoa kiti ya nyuma, tuweke springi nzito, tuiinue kidogo kwa sababu ya mawe yenu. Sasa usiniletee gari ambayo spea yake inatoka ng'ambo. Chukua ile hata mtu wa duka Endebess anajua gasketi yake."

Nikaandika mambo sita. Alirudia kila jambo mara mbili, akinisubiri. La kwanza lilikuwa hili: Gusa boneti kwanza. Ikiwa moto, usinunue siku hiyo.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Injini baridi ikiwashwa, unasikia magonjwa yote. Ikishapata moto, inanyamaza kama mtoto ameona mgeni."

Kabla sijaondoka alitoka chini ya lori akanivusha barabara, kwa dalali mmoja aliyekuwa na gari jekundu lenye rimu za kung'aa. Wafula alikuwa na sumaku ya spika ya zamani ndani ya soksi. "Hii ukipita nayo Endebess, hata mahindi itageuka kuangalia," dalali akaniambia, na kusema kweli nilikuwa nimeshaanza kulipenda. Wafula akaipitisha soksi mlangoni. Juu ilishika. Chini iliteleza ikaanguka kwenye vumbi. Akairudisha tena, ikaanguka tena.

"Hii mlango nusu si chuma, ni uji imekauka," akasema. Dalali alicheka kuliko sisi, lakini bei hakuitaja tena. Wafula akanipa ile soksi niende nayo.

Saa tano nilikuwa njiani ndani ya matatu. Kutoka Kitale hadi Kiminini ni mashamba mapana ya mahindi, kisha baada ya Kamukuywa mashamba yanakuwa madogo, nyumba zinakaribiana, na ukipita Lugulu unaanza kuona mawe makubwa ya Webuye upande mmoja na miwa upande mwingine. Joto liliongezeka kila tulipoteremka. Nilitoka nyumbani na sweta. Nilipofika Bungoma nilikuwa nimeifunga kiunoni.

Simiyu alinipokea stendi. Ni mpwa wa mwenye gari, mtu wa miaka thelathini hivi, anayefanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi na kusema na kila mtu anayepita. Nilimwonea wivu kwa hilo. Njia nzima aliniambia jinsi gari lilivyo zuri, nami nikawa naitikia tu, "Sawa."

Nyumbani kwa shangazi mwenyewe, Mwalimu Nekesa, gari lilikuwa limesimama katikati ya uwanja uliofagiwa mpaka mistari ya ufagio ikaonekana. Lilikuwa Probox nyeupe, si jipya, lakini lilioshwa mpaka likang'aa. Mwalimu Nekesa ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwanamke mrefu anayekuangalia juu ya miwani. Alinisalimu kwa mikono miwili.

"Karibu, mwanangu. Umechoka. Gari ndiyo hiyo, lakini kwanza maji ya kunawa."

"Nimekuoshea hata injini," Simiyu akasema kwa furaha. "Na nimeiwasha kitambo kabla nije stendi, isije ikakusumbua mgeni."

Nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa moto kama sufuria ya chai.

Nilisimama pale mkono ukiungua. Nilijua hawakufanya ujanja. Hata kwetu mgeni akija tunampangusia kiti, na hawa waliona ni aibu kumwonyesha mgeni gari baridi lenye vumbi. Lakini kwa kuniheshimu walikuwa wameosha kila tone la oili ambalo lingenionyesha mahali panapovuja, na wamenyamazisha sauti niliyotoka Endebess kuja kuisikiliza. Nilipaswa kusema. Sikusema. Nilipitisha sumaku milangoni, ikashika kila mahali, kisha nikaitwa kula.

Chakula kilikuwa ugali, mboga ya mrenda na kuku. Mwalimu alichagua firigisi akaniwekea kwenye sahani. Hapo Bungoma firigisi haipewi mtu ovyo.

"Hiyo ilikuwa yangu!" Simiyu akalalamika. "Miaka yote nakata nyasi hapa, na huyu amekuja leo."

"Wewe hununui gari," Mwalimu akamjibu.

"Na huyu ananunua? Ndiwa, kaka, umekuja kununua gari ama kuchumbia? Maana umenyamaza kama mkwe mbele ya mama mkwe."

Wakacheka wote wawili, nami nikacheka nikiangalia sahani. Niliila ile firigisi polepole. Unailaje firigisi aliyokupa mtu, halafu umwambie huliamini gari lake?

Baada ya kula Mwalimu alileta daftari la shule. Ndani alikuwa ameandika kila mara gari lilipobadilishwa oili, kila tairi, kila breki, kwa mwandiko ulionyooka kama ubao wa darasani, na kando ya kila mstari kulikuwa na alama ya vyema. Sijawahi kuona gari lililotunzwa hivyo. Kisha akaweka kitabu cha umiliki wa gari mezani na kalamu juu yake.

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, juu ya pesa za Chelel. Nikaona mitungi, nikaona kuku wakitaga ndani ya Probox nyeupe. Nikaichukua ile kalamu, lakini nikafungua daftari langu mwenyewe, nikaanza kuandika.

"Anaandika nini?" Simiyu akauliza.

"Mwache," Mwalimu akasema. "Mtu akiandika hasukumwi."

Niliandika hivi: Mwalimu, chakula ni kitamu na gari limetunzwa. Lakini fundi aliniambia nilione likiwa baridi. Pesa hizi ni za ng'ombe wa mama. Naomba lisiwashwe tena mpaka kesho asubuhi, nami nitarudi.

Nikamsogezea. Alisoma mpaka mwisho, akarudia mwanzo. Nje jogoo aliwika. Kisha akatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba wake, akaweka alama ya vyema chini ya maneno yangu.

"Simiyu, lete ufunguo."

"Lakini Anti, mimi nilitaka tu..."

"Ulitaka mema. Hata mimi nilikuachilia uoshe. Lakini wewe unaweza kununua ng'ombe ambaye wamemkamua kabla hujafika?" Akaniangalia juu ya miwani. "Na wewe, hukuweza kusema haya mapema, firigisi ikiwa bado kwa sufuria?"

"Pole, Mwalimu."

"Utalala hapa. Kurudi uende wapi?"

Jioni, kabla giza halijaingia, nilitandaza katoni chini ya injini, kama jambo la nne kwenye daftari langu lilivyosema. Ufunguo ulilala kwa Mwalimu.

Saa kumi na mbili asubuhi sote watatu tulikuwa uwanjani. Boneti ilikuwa na umande. Nikavuta katoni. Kulikuwa na matone matatu meusi. Mwalimu aliinama akayaangalia kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika.

"Hii sikuijua," akasema. "Kweli sikuijua."

Nilimpigia Wafula. Nikawasha gari, likakataa. Nikawasha tena, likashika. Kwa ndani kulikuwa na kelele kama maharagwe ndani ya mkebe, na eksozi ilitoa moshi. Nilitamani ardhi inimeze, kwa ajili ya Mwalimu kuliko kwa ajili yangu.

"Sogeza simu karibu na injini," Wafula akasema. "Hiyo kelele imeisha?"

"Imeisha."

"Umehesabu sekunde ngapi?"

"Saba."

"Ikipita kumi uniambie. Saba ni uzee tu. Moshi rangi gani?"

"Nyeupe. Na imekwisha."

"Ingekuwa bluu ningekwambia urudi nyumbani na miguu. Oili inatoka wapi?"

Hapo Simiyu, akiwa tayari na shati lake safi la kazini, alilala chini mgongo kwenye mavumbi akaingia chini ya gari na tochi ya simu. Hakuna aliyemtuma. "Inatoka juu!" akapiga kelele. "Iko kwa ile kifuniko ya injini, inateremka pole pole!"

Wafula akacheka kule Kitale mpaka sote tukasikia. "Gasketi ya kifuniko, ile mpira yake tu! Hiyo hata wewe utabadilisha na spana moja. Ndiwa, lipa watu pesa yao."

Simiyu alitoka chini mgongo wote ukiwa mwekundu kwa udongo. "Si uliniambia ni mkwe?" akamwambia Mwalimu, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyesema. "Basi mkwe atoe mahari." Mwalimu mwenyewe akapunguza bei kwa ajili ya gasketi. Mimi sikuomba. Nikazihesabu pesa za Chelel mezani, nikatia sahihi.

Saa tatu tuliondoka Bungoma, na Mwalimu akapanda mbele pamoja nami. Alisema mgeni husindikizwa, na gari vilevile. Alikuwa akienda kwa dada yake Lugulu. Njia nzima alinifundisha tabia za gari lile: gia ya tatu inataka mkono mpole, kioo cha kushoto kinapanda ukikisaidia kwa kiganja, kwenye mwinuko wa kutoka Webuye usilikimbize, litapanda lenyewe. Lilipanda lenyewe. Nilikuwa nimejifunza kuendesha kwa trekta, na nilishangaa jinsi gari dogo linavyoweza kukutii.

Lugulu akashuka. Alizunguka mbele, akaweka kiganja juu ya boneti, akaniangalia kupitia kioo.

"Sasa iko na haki ya kuwa moto," akasema, akaenda zake bila kugeuka.

Kitale nilikaa siku mbili kwa Wafula. Gasketi niliibadilisha mwenyewe, yeye akiniangalia tu. Tulitoa kiti cha nyuma, tukaweka springi nzito, na akachomelea vyuma vya kuzuia mitungi isigongane. Gari lilisimama juu kama mbuzi anayechungulia ua. Si zuri kama lile jekundu, lakini ninajua kila kitu kilichomo ndani yake.

Endebess nilifika mchana. Mama alilizunguka gari mara moja. Alifungua mlango wa nyuma, akapanga mitungi minane, akausukuma mmoja kwa mguu kuona kama utaanguka. Haukuanguka. Ndipo akasema, "Chelel hakwenda bure."

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki ile. Asubuhi yake nilipita kwa majirani wote tisa, na wote tisa walikuwa wamesimama njiani na maziwa yao.

Nimejifunza mambo ya injini katika safari hii, lakini kubwa zaidi nimejifunza kwamba mwenyeji mwema haudhiki ukimwambia unachohitaji. Anaudhika ukikaa nacho kimya mpaka chakula kiishe. Juzi jirani yetu mmoja aliniomba niende naye kumtazamia gari kule Bokoli. Nilichukua simu nikampigia mwenye gari, mtu nisiyemjua kabisa. Safari hii sikuandika, nilisema kwa mdomo.

"Shikamoo, mzee. Tunakuja kesho. Tafadhali, msilioshe wala msiliwashe. Na chakula, tutakula baadaye."