Mzee Muthama na Kontena ya Kaluki

Ukitaka kumuudhi Mzee Muthama wa Kasikeu, ungemwambia tu kwamba haraka haraka haina baraka. Angekutazama juu mpaka chini, avue miwani, aifute kwa shati, kisha akuulize kama huyo aliyesema hivyo aliwahi kutoa mzigo bandarini. Yeye alikuwa ametoa mizigo ya watu kwa miaka ishirini na sita, kwanza Mombasa, halafu Embakasi, Nairobi, reli ilipoanza kuleta kontena huko, na methali aliyoiamini ilikuwa moja: ngoja ngoja huumiza matumbo. Alistaafu mwaka wa tisini na moja akarudi kwa mkewe Mbula, kwenye shamba lao la mbaazi na pojo, na bado aliamka kila asubuhi kama mtu aliyechelewa kazini.

Watu walimfuata huko huko awafundishe. Walikuja wenye maduka wa Sultan Hamud, wakaja wachungaji waliongojea vifaa vya zahanati kutoka ng'ambo. Aliwakalisha kwenye benchi, akawaambia kwamba kontena ikishuka melini kuna hesabu mbili zinazoanza kukimbia, na mtu mjinga huijua moja tu. Ya kwanza ni ya bandari. Wanakupa siku chache za bure, zikiisha unalipia nafasi ambayo mzigo wako umekalia, kila siku, na Jumapili pia ni siku. Ya pili ni ya wenye meli. Lile sanduku la chuma ni lao, wewe umeazimwa. Usipolirudisha tupu kwa wakati unawalipa wao nao, na kadiri unavyokaa nalo ndivyo bei inavyopanda. Malipo hayo ya kuchelewa makarani waliyaita demareji, na Muthama alilitaja neno hilo kwa sauti ya chini, kama anayetaja ugonjwa wa jirani.

"Mchungaji mmoja wa upande wa Mwingi alidhani sanduku nalo ni zawadi," angewaambia. "Akalitoboa madirisha. Akaweka watoto wa Sunday school ndani. Wenye meli walipolitafuta, kanisa lilifanya harambee mbili."

Wageni wangecheka, naye angengoja wamalize kucheka ndipo awape dawa. Karatasi zitangulie meli. Hati ya meli iwe ile yenyewe, si kopi. Lori litafutwe mapema. Na kama unaweza, pakua mzigo pale pale Embakasi, sanduku lirudi kwa wenyewe siku hiyo hiyo, wewe uende nyumbani na vitu vyako. Hakuwatoza kitu. Mbula aliwapa chai, akanung'unika baadaye kwamba majani ya chai hayaoti shambani kwake.

Basi huyo ndiye Muthama. Lakini hayo yote ni maneno ya kazi tu. Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja, nacho ni kwamba Kaluki arudi nyumbani.

Kaluki alikuwa mtoto wao wa pekee. Aliondoka mwaka wa themanini na tatu kwenda Kanada kusomea uuguzi, kwa msaada wa kanisa, miaka mitatu walisema. Mitatu ikazaa sita, sita ikazaa kumi na mmoja. Alikuja mara moja tu, kumzika nyanya yake, akakaa siku tisa. Muthama alikuwa na hamu naye mpaka kifua kikamuuma, wala hakuona aibu kulisema hilo mbele ya wanaume wenzake sokoni. Walimwambia ashukuru, mtoto anatuma pesa. Alijibu kwamba pesa haimwulizi mtu ameamkaje.

Kwa hiyo barua ya Januari, tisini na nne, ilipofika na kusema, "Baba, nimechoka na hii baridi, nafikiria kurudi kabisa, nitaleta vitu vyangu kwa kontena," mzee alikaa chini pale pale posta. Jioni ile alimjibu kurasa nne. Mbula, ambaye hakusoma Kiingereza wala hakutaka kukisoma, alimwona anavyoandika akapiga mstari, akaandika tena akapiga mstari.

"Baba Kaluki, mtoto anasema anarudi, na wewe unamwandikia habari ya makaratasi?"

"Mama Kaluki, hiyo ndiyo barabara yenyewe ya kurudi."

Na jambo alilolipigia mistari miwili chini yake lilikuwa hili: kwenye hati ya meli, mahali pa jina la mpokeaji, Kaluki aandike jina lake mwenyewe. Si la baba, si la mtu mwingine. Maana anayehamia nyumbani hupokea mzigo wake kwa jina lake na pasipoti yake, na vitu alivyovitumia huko hupunguziwa ushuru. Akiandika jina la mtu mwingine, huko si kuhama, huko ni kutuma zawadi. Avitenge pia katika orodha: vilivyotumika huku, vipya kule.

Wakamjengea nyumba. Vyumba viwili, sakafu ya simenti, mlango mpana kwa sababu Muthama alisema friji haipiti mlango wa kawaida. Umeme Kasikeu haukuwepo, lakini nani angemwambia. Mbula alipaka kuta chokaa kwa mkono wake, na akiwa anapaka aliimba nyimbo za kanisa ambazo Muthama hakuwa amezisikia tangu Kaluki aondoke.

Mwezi wa Agosti ikaja bahasha ya rejista. Ndani mlikuwa na hati ya meli, ile yenyewe, na orodha ya mizigo, na barua fupi: kontena imepanda meli, muwe salama, nitaandika zaidi. Karatasi zilikuwa zimetangulia meli. Muthama alitabasamu kwa kiburi. Kisha akavaa miwani akaanza kusoma kikarani, kutoka juu.

Mpokeaji: Muthama, wa Kasikeu.

Alirudia. Akashuka kwenye orodha. Kiti kimoja cha mzee, kipya. Cherehani moja, mpya. Koti moja la mwanamume, saizi kubwa. Kitanda cha futi sita, blanketi, sufuria, bandeji za goti kwa mama. Vitabu vya shule ya msingi, katoni tano. Alitafuta mahali pa vitu vilivyotumika, akapaona, patupu. Hapakuwa na gauni hata moja. Hapakuwa na viatu vya mwanamke, wala kile kitabu kinene cha uuguzi alichokwenda nacho. Miaka ishirini na sita alikuwa akisoma orodha za watu, akajua kwa karatasi nani anarudi na mke na nani ameachwa huko. Hii ya mtoto wake aliisoma mara tatu, akaikunja, akaifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

"Imekuja?" Mbula aliuliza.

"Barua imekuja. Kontena iko njiani."

Alijiambia ni makosa. Watoto hukosea fomu. Hata makarani hukosea. Labda gauni zitakuja naye kwa ndege.

Wiki ya nne Nzuki alipiga simu kwenye duka la Ng'ang'a, Sultan Hamud. Nzuki alikuwa karani aliyefundishwa kazi na Muthama mwenyewe, sasa amekuwa mkubwa katika kampuni moja ya kutoa mizigo Nairobi. Ng'ang'a akampa mzee simu, akajifanya anapanga misumari.

"Mzee, yako imeshuka Embakasi jana. Njoo na hati kesho, keshokutwa tumemaliza."

"Ngoja kidogo, Nzuki."

Nzuki hakuwa amewahi kusikia neno hilo kutoka mdomo huo. "Ningoje nini, Mzee?"

"Mwenyewe anakuja. Atatia sahihi mwenyewe."

Akarudi nyumbani akiwa ametulia kabisa, akamwambia Mbula kwamba kontena imeshuka na anamngoja mwenyewe, akapalilia. Siku za bure zikapita moja moja, akizihesabu kila asubuhi bila kutaka. Zikaisha. Ikaanza hesabu ya bandari, ikafuata ya wenye meli. Nzuki akapiga tena, akapiga mara ya tatu, karibu kulia. Muthama alijua kila siku inakula nini, aliijua bei kuliko mtu yeyote wa Makueni nzima. Lakini maadamu kontena ilikuwa imefungwa, Mbula alikuwa bado anaimba, na Kaluki alikuwa bado anakuja. Ikitolewa, ikifunguliwa mbele ya majirani, kitashuka kiti cha mzee na cherehani, na baada ya hapo hakuna kitakachoshuka tena. Ndiyo sababu mzee mwerevu alikaa nyumbani, na mimi sitamcheka.

Siku ya ishirini na mbili Ng'ang'a alimtumia mtu: njoo, binti yako atapiga saa kumi. Muthama alitembea mpaka barabara kuu, akapanda gari, akafika mapema akakaa juu ya mfuko wa simenti. Simu ikalia.

"Baba, hamjambo? Mama hajambo goti?"

"Hajambo."

"Baba, wenye meli wameniandikia. Wanasema kontena imekaa. Imekaaje? Wewe?"

"Uliandika jina vibaya," Muthama alisema. "Mahali pa mpokeaji. Nilikuonyesha, ukakosea. Nilikuwa nangoja uje urekebishe."

Alisikia pumzi yake, mbali huko, na mlio wa waya.

"Sikukosea, Baba."

Muthama alihamishia simu kwenye sikio la pili.

"Nilitaka kukuandikia, kila siku nilitaka. Nimeolewa huku, Baba. Nina mtoto tumboni. Nikaona nikijaza fomu utaelewa, wewe unaelewa hizo karatasi kuliko barua."

"Nimeelewa," alisema Muthama. "Mtoto apewe jina la kwetu."

Alirejesha simu taratibu. Ng'ang'a alikataa pesa ya kupokea simu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Mbula alikuwa anachagua pojo kwenye ungo Muthama alipofika. Alikaa mkabala naye. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, lakini yalimwishia kwenye lango.

"Mama Kaluki, ile kontena."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mwanamume aliyekuwa akiniamsha alfajiri hata siku za likizo kwa ajili ya mizigo ya Wahindi," Mbula alisema, mkono bado kwenye ungo, "mzigo wa mtoto wake ufike, naye akae nyumbani anapalilia wiki tatu. Mimi nisomewe nini tena? Nilijua siku ile uliyosema unangoja."

"Na ulikuwa ukiimba."

"Niliona wewe unataka tungoje. Nikangoja na wewe."

Pojo hazikuchaguliwa tena siku hiyo. Asubuhi Mbula alimtolea koti lake la kazini, ng'ombe wawili wakauzwa sokoni Kasikeu kulipia kuchelewa, na Muthama akaenda Nairobi. Nzuki hakumwuliza kitu. Wakapakua pale pale Embakasi, sanduku la chuma likarudi kwa wenyewe kabla ya saa tisa, na lori likaingia Kasikeu kesho yake majirani wakiwa wamejaa uani.

Vijana walipanda juu, wakaona kila kitu kimefungwa kwa kamba, fundo juu ya fundo. Mmoja akaomba panga. Mbula aliwasimamisha. Akasogeza stuli, akakaa na goti lake bovu limenyooshwa, akaanza kufungua fundo la kwanza kwa kucha, polepole. Muthama alisimama karibu akimwambia avumilie, asiharakishe, maana mafundo yale Kaluki ndiye aliyeyafunga kwa mkono wake.