Ijumaa Unga Ulipogoma

Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa na bibi wawili, mmoja wa damu na mmoja wa ukuta. Wa damu alikuwa mama yake Baba, aliyetoka milimani upande wa Mbale, na tulimwita Kukhu kama bibi wote wanavyoitwa kwetu. Wa ukuta alikuwa jirani yetu wa Guangzhou, mama mmoja wa Kikantoni ambaye jiko lake na letu yaligawana ukuta, na huyo nilimwita Popo, kama watoto wa pale wanavyowaita bibi zao. Wote wawili walikuwa wafupi, wote wakali, na wote waliamini kwamba unga una masikio.

Tulikaa ghorofa ya nne, kwenye kichochoro nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Baba alinunua vitambaa soko la Zhongda na kuvisafirisha kwa kontena hadi Mombasa. Alipochoka kuja na kurudi, akatuhamisha sote, Kukhu akiwemo. Waafrika Mashariki wa pale, enzi zile za mwisho wa miaka ya tisini, walikuwa wachache, wengi Waislamu na wengine Wakristo, na sisi tuliwachanganya kichwa. Nguruwe hatuli, msikitini hatuonekani, Jumamosi hatufanyi kazi. "Basi nyie ni Wasabato," walisema. Baba alivuta pumzi na kueleza upya kwamba sisi ni Wayahudi, kwamba babu yake aliishika dini hii huko milimani na wanawe wakaishika. Watu walimkodolea macho, halafu wakabadilisha mazungumzo. Baba hakuchoka kueleza. Mimi, haki ya Mungu, nilichoka.

Oveni hatukuwa nayo, kwa hiyo mkate wetu wa Sabato tuliusuka kama nywele na kuupika kwa mvuke, kwenye kikapu cha mianzi tulichoazima kwa Popo na hatukukirudisha kamwe. Ulitoka mweupe pe, laini, na ukiula wa moto na chumvi kidogo unasahau kwamba kuna mikate mingine duniani. Kukhu ndiye aliyekanda. Akishakanda aliliweka beseni karibu na jiko la gesi, akalifunika, akatukagua mmoja mmoja. Alikuwa na imani yake, aliyoirithi kwa mama yake, kwamba unga hauumuki jikoni penye mtu aliyeficha neno.

Popo naye alikuwa na yake. Ulipokaribia mwaka mpya wa Kichina alipika keki zake za mvuke, zile zinazopasuka juu zikiiva, na kupasuka huko ndiyo bahati ya nyumba. Wakati huo mtu haruhusiwi kutamka neno baya jikoni. Akilitamka, keki zinalala chali na mwaka wote unaharibika. Watoto, kwa kuwa hatuna breki mdomoni, tulifukuzwa kabisa. Nilifukuzwa kwa mwiko, na sikuwa nimesema chochote bado.

Basi mimi nilikua katikati ya hao wawili. Mmoja anasema neno likifichwa unga unagoma, mwingine anasema neno likitoka unga unagoma. Nilikuwa nimekubali yote mawili bila shida yoyote, hadi likizo ile aliyorudi Dada Lea.

Lea alikuwa akisoma udaktari Wuhan, kwa ufadhili. Vyuo vilipofungwa kwa majira ya baridi alipanda treni akarudi nyumbani, na mimi nikapata mtu wa kulala naye kitanda kimoja. Nilimpenda dada yangu kupita kiasi. Nilivaa soksi zake. Akienda kununua vitunguu nilikwenda, akienda kupiga simu kibandani nilikwenda pia, nikasimama pembeni nikijifanya natazama baiskeli.

Ndipo nikamsikia siku moja akisema kwenye simu, kwa sauti ambayo sikuijua, "Neema, mpenzi wangu, siku haziendi huku."

Neema nilimjua kwa jina tu. Alikuwa msichana kutoka Moshi, aliyekuwa akisoma naye. Njiani kurudi nikauliza, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kuuliza, "Dada, mbona Neema unamwita mpenzi?"

Lea hakunidanganya. Alichuchumaa pale njiani, watu wakitupita na mizigo yao. "Kwa sababu nampenda. Kama Mama anavyompenda Baba. Lakini Debo, usimwambie mtu, sawa? Wakijua sijui watanifanya nini."

Nikaahidi, na tangu dakika ile sikula vizuri. Nilikuwa nimeshamsikia Baba akiongea na watu wa Mbale kuhusu kijana wao mmoja, mwalimu, mtu wa sala. Wayahudi wa kuoana nao kwetu si wengi, na Baba alitaka Lea akubali kabla likizo haijaisha. Nilijua pia jambo jingine ambalo wakubwa walilipuuza, au hivyo ndivyo nilivyodhani. Ijumaa jioni, wanawake wa nyumba walipowasha mishumaa ya kuikaribisha Sabato, Lea alikuwa akiingia chooni na kukaa humo mpaka iishe.

Ijumaa yenyewe ilikuwa ya baridi kali. Baridi ya Guangzhou haina theluji ya kupigia picha, inaingia tu kwenye mifupa, na nyumba hazina pa kuota moto. Kukhu alikanda asubuhi, akafunika unga, akaliweka beseni dirishani. Baada ya chakula cha mchana akafunua kitambaa. Unga ulikuwa palepale ulipoachwa, umelala, mgumu.

"Ala!" Kukhu akasema. "Umegoma."

"Labda hamira imechakaa, Mama," mama yangu akasema.

"Hamira ni ya juzi." Kukhu akavuta kigoda, akakaa mlangoni mwa jiko, hakuna wa kutoka. "Humu ndani kuna mtu ana neno."

Mama akacheka. "Haya, nakiri. Kikombe chako cha bluu nilikivunja mimi."

"Hicho nilijua siku ileile. Vipande ulivificha vibaya."

Lea alikuwa amegeuka ukutani, anaosha maharagwe ambayo yalikuwa yameshaoshwa. Nilitazama ule unga nikaona ni mimi. Mimi ndiye niliyebeba neno, mimi ndiye niliyeharibu Sabato ya watu, na nikifungua mdomo dada yangu atafukuzwa. Hapohapo, kama vile ameitwa, akaingia Popo na sahani ya keki za kuonja. Aliona beseni, akaona nyuso zetu, akaelewa kwa njia yake. Akaweka kidole mdomoni na kututikisia kichwa sote: shhh, msiseme kitu.

Jamani, bibi wawili hao. Mmoja kaziba mlango anataka neno, mwingine kaweka kidole mdomoni.

"Kukhu," nikasema, "na kama ni neno baya? Popo anasema neno baya ndilo linaloharibu."

Kukhu akanigeukia polepole. "Nani amekwambia ni baya?"

Nikaangua kilio. Hakuna aliyekuwa ameniambia ni baya, ila namna Lea alivyoniomba ninyamaze, na hofu niliyoiona usoni mwake pale njiani.

Lea akafuta mikono kwenye gauni. "Mwacheni Debora. Neno ni langu."

Akalisema akiwa amesimama wima. Alisema kijana wa Mbale hatamwoa, wala mwanamume mwingine. Yuko msichana anayeitwa Neema, na huyo ndiye anayempenda. Mama akakaa juu ya gunia la mchele. Lea hakuacha, nadhani alijua akiacha hataweza kuanza tena.

"Na mishumaa, Kukhu, najua umeniona. Nilidhani mtu wa namna yangu hana haki ya kuiwasha. Kule Wuhan niko na Neema, na hakuna anayejua mimi ni Myahudi. Nikipanda treni nafunga kitambaa kichwani, Neema namwacha stesheni. Kila mahali niko nusu. Nimechoka, Kukhu."

Popo hakuelewa hata neno moja. Aliona tu msichana anatokwa na machozi, akachukua keki akamtia mkononi, akamkunjia vidole juu yake, kisha akatoka zake.

Kukhu akasema, si kwa ukali, "Wewe hukuwa umezaliwa serikali ilipoipiga marufuku dini yetu kule kwetu. Miaka ile tulifunga milango tukasali kwa kunong'ona. Mchana sokoni mimi nilikuwa mtu mwingine, na jina jingine. Watu wanaeleza njaa ya wakati ule. Mimi njaa naikumbuka, lakini kilichonikondesha ni kunong'ona." Akajipangusa pua kwa ncha ya kitambaa. "Sikusafiri mpaka huku nije kuona mjukuu wangu ananong'ona nyumbani mwa mwanangu."

"Mama, lakini hili..." mama yangu akaanza.

"Sijasema nalielewa. Nimesema asinong'one. Debora, niletee blanketi."

Akaliweka beseni mapajani, akajifunika nalo blanketi, akakaa hivyo kama kuku anayeatamia. Mama alilia, Lea akalia, wakaishia kulia pamoja juu ya lile gunia, kichwa cha Lea kwenye bega la Mama. Mimi nilikula keki zilizobaki. Jua lilipoanza kushuka Kukhu akafunua blanketi, na unga ulikuwa umejaa beseni, umeinuka hadi kwenye kitambaa.

"Mnaona?" akasema.

Nilisisimka mwili mzima. Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa sayansi shuleni na bado nilikuwa na hakika, kwa macho yangu mwenyewe, kwamba unga unasikia.

Baba alirudi na harufu ya vitambaa vipya. Mama akaenda naye chumbani, wakafunga mlango. Sisi tulisikia sauti ya Mama peke yake. Jikoni Kukhu alimpa Lea kiberiti, na Lea akawasha mishumaa, kijiti cha kwanza kikazimika. Akawasha cha pili.

Sasa, Ijumaa jioni, kabla ya kula, baba huwabariki watoto wake. Anaweka mikono kichwani mwa kila mmoja, akianzia mkubwa, na kwa mabinti anataja wale mama zetu wanne wa zamani. Baba alitoka chumbani macho yamemvimba. Akampita Lea. Alikuja moja kwa moja kwangu, akaniwekea mikono, akaanza. Akamtaja Sara. Akamtaja Rebeka. Akamtaja Raheli. Na wa nne, Mungu nisamehe, ni Lea.

Hapo akakwama. Mikono yake ilikuwa mizito kichwani mwangu. Sikuthubutu kuinua macho, niliona viatu vyake tu, na nilisali kwa nguvu zangu zote za miaka tisa kwamba alitamke hilo jina, kwa sababu niliona wazi kwamba asipolitamka jioni ile hatalitamka tena, na mimi nitakuwa sina dada.

"Yoeli," Kukhu akamwita Baba. "Malizia."

"Mama, siwezi."

"Unaweza. Ni wewe uliyempa hilo jina."

Akalitamka. Lilitoka limekatika katikati. Halafu mikono ikaondoka kwangu, na nilipoinua macho ilikuwa kichwani mwa dada yangu, na Baba alikuwa analia mbele ya watu kwa mara ya kwanza na ya mwisho niliyowahi kuona. Alianza baraka upya, tangu mwanzo, yote.

Nisipige chuku. Hatukutoka pale tukawa nyumba ya vicheko. Baba hakumsemesha Lea vizuri likizo ile yote, na wale watu wa Mbale walikasirika. Neema alisubiri miaka kabla ya kukalia kiti mezani kwetu. Lakini kila Ijumaa ambayo Lea alikuwa nyumbani, mikono ile iliwekwa kichwani pake, yeye wa kwanza, hata siku ambazo hawakuwa wamesalimiana.

Kukhu alifariki nikiwa sekondari. Nilikuwa mtu mzima, nina jiko langu Nairobi na oveni ya maana, siku moja Julai unga wangu ulipogoma nami nikaanza kupekua dhamiri yangu kutafuta neno. Kisha nikahisi baridi mikononi, nikaona nimeuweka dirishani. Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, nikakaa chini.

Kwa sababu yule bibi alizaliwa mlimani, kwenye baridi ya kweli. Alikanda unga maisha yake yote. Kila Ijumaa, bila kukosa, aliliweka beseni karibu na jiko, ila ile moja. Na alikuwa amemwona Lea akiingia chooni, na alijua Baba anasubiri jibu la Lea kuhusu kijana wa Mbale.

Je, alikuwa anaamini kwamba unga una masikio? Nadhani aliamini. Nadhani pia aliamini kwamba unga wakati mwingine unahitaji kusaidiwa. Sikupata nafasi ya kumuuliza, na najua angenifukuza jikoni.

Binti yangu ana miaka kumi na minne. Kwa wiki kadhaa sasa anakula kichwa chini, nikimuuliza anasema hakuna kitu, na mlango wake unafungwa kwa upole ambao unanitisha kuliko kama angeubamiza. Leo jioni Lea na Neema wanakuja kula, kama Ijumaa zote. Nimekanda mapema. Nimefunika unga kwa kitambaa safi, nikafungua dirisha, nikaliweka beseni pale baridi inapoingia, na nimemwita binti yangu aje anisaidie kuosha maharagwe.