Kija hakuwa kwenye orodha ya chanjo

Saa mbili asubuhi jua limeshatoka Izia, huku Ufipa, ila bado halina nguvu. Kalista Mwanisenga anavuka kijito kwa kukanyaga mawe, kandambili mkononi, daftari amelibana kwapani ndani ya mfuko wa nailoni. Maji yanauma kwa baridi. Akifika ng'ambo anajipangusa miguu kwa upindo wa kitenge, anavaa, kisha anaanza kupanda kilima taratibu.

Huko juu kuna maboma ya wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga. Kalista, mwenye umri wa miaka 47, ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Analima mahindi na ulezi kama majirani zake, lakini siku mbili kila wiki huweka jembe chini akazungukia kaya 118 alizokabidhiwa.

Leo anauliza swali alilouliza mwaka jana: humu ndani, ni nani ambaye mafua yakimpata yanaweza kumwangusha?

"Watu wanacheka," anasema. "Wananiambia, mama, mafua nayo ni ugonjwa? Hapa Ufipa Juni ikiingia nani hapigi chafya? Hata mimi zamani nilikuwa nacheka."

Machi mwaka jana, shirika moja lilileta dozi 150 za chanjo ya homa ya mafua kwenye zahanati anakoripoti. Zilikuwa za bure, lakini zisingetosha watu wote. Muuguzi Herieth aliwaita wahudumu akawasomea wanaotakiwa kutangulia: wajawazito, mimba iwe changa au kubwa, wazee, watoto wadogo, wenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au VVU. Na wahudumu wenyewe, kwa sababu wanashinda na wagonjwa.

Kalista alichanjwa siku ya kwanza. Siku ya pili akaingia njiani kuandika majina.

Nyumbani kwa mfugaji Masalu alimkuta mkewe, Kija, binti wa miaka 22, akipepeta mahindi. Pembeni alikaa mama mkwe wake, Holo. Kalista akauliza kama kuna mjamzito.

"Hakuna," Holo alijibu. Kija hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

Kalista anasimama katikati ya njia anapofika hapo kwenye simulizi yake. "Nilimwona. Mimi nimezaa watano, uso ule naujua. Lakini mimba changa haitangazwi mbele za watu, sembuse mbele ya mkwe. Nikaona haya kumwita pembeni. Nikasema moyoni, nitarudi. Nikaandika 'hakuna'."

Hakurudi. Mtoto wake aliugua, kisha ngedere wakaingia shambani, na wiki mbili za chanjo zikapita. Baadhi ya walioandikwa hawakutokea. Dozi kumi na moja zikabaki, zikarudishwa zilikotoka.

Julai, alasiri moja ya upepo, Masalu alifika mlangoni kwake akihema. Kija alikuwa na siku ya nne ya homa na kikohozi.

"Tulidhani ni mafua tu, mama," alisema Masalu. "Sasa hata kuongea hawezi."

Kalista alimkuta Kija ameketi kitako, hawezi kulala, pumzi fupi fupi, midomo imeanza kubadilika rangi. Mimba ya miezi mitano ilikuwa wazi chini ya khanga. Walimpakia kwenye bodaboda, Masalu akimshikilia kwa nyuma hadi hospitali mjini. Aliwekewa oksijeni. Siku ya tatu akafariki, na mtoto tumboni.

Daktari alimweleza Kalista kwamba homa ya mafua iliingia mapafuni, na kwamba ujauzito huupa mwili kazi kubwa zaidi ya kupambana nayo. Kalista akamuuliza kama chanjo ingemwokoa.

"Hakunidanganya. Alisema hakuna anayeweza kuapa, chanjo inapunguza hatari, haiimalizi. Lakini ingempa nafasi," anasema, sauti ikishuka. "Nafasi hiyo mimi ndiye niliyemnyima."

Msibani aliteka maji siku tatu. Watu walipotawanyika, alimfuata Holo jikoni, akamwambia yote, pamoja na zile dozi kumi na moja.

Holo alichochea moto uliotaka kuzimika.

"Aliyesema hakuna ni mimi," akajibu. "Nilijua. Mimba zake mbili za mwanzo zilitoka, nikaogopa midomo ya watu. Hata ungerudi, mwanangu, ningekujibu vilevile."

Wakalia wote wawili. Kalista anasema maneno yale hayakumpunguzia mzigo. "Mfiwa ni yeye, halafu yeye ndiye ananibembeleza mimi."

Tangu hapo haulizi wanawake uani. Humwomba kila mmoja amsindikize, wakazungumza wakiwa peke yao.

Asubuhi hii Holo anampokea bomani. Masalu ametoka na ng'ombe. Bado hajaoa tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niandike mimi kwanza. Nina miaka sabini na ushee." Kisha anamgeukia Jenifer, mke wa mwanawe mdogo. "Msindikize mama. Usiharakishe kurudi."

Wawili hao wanashuka polepole. Walichozungumza hakikusemwa kwa mwandishi wa makala haya. Jenifer anaporudi, Kalista anaketi juu ya jiwe na kuandika.

Hakuna anayejua kama chanjo itakuja mwaka huu. Herieth anasema hajapokea taarifa yoyote. Hata hivyo, Kalista amekubaliana naye jambo moja: dozi zikibaki, zisirudishwe kabla wahudumu hawajazungukia tena kila nyumba, hata zile walizokwisha kuziandikia "hakuna".

"Labda zitakuja, labda hazitakuja," anasema, akifunga daftari. "Ila zikija, zisinikute ndiyo kwanza naanza kutafuta watu."

Zimebaki kaya 61. Anainuka, anashika njia.