Firigisi kwenye Sahani ya Mugeni

Mwaka nilioingia sekondari pale Likasi nilikuwa na adui mumoja tu: direkta wa disiplini wa shule yetu. Alisimamaga ku mulango wa masomo na filimbi yake, na mwenye kuchelewa alipiga magoti mu vumbi nyekundu. Minye nilikuwa namuchora kwa makaa, ku ukuta wa jikoni yetu mu mutaa wa Kikula: kichwa cha papai, filimbi kubwa kupita mudomo.

Sasa Siku ya Mungu moja tumetoka kanisani, na papai lile linapiga hodi kwetu. Limevaa shati ya maua, limebeba samaki wa ziwa Tshangalele. Mama akasema, "Direkta alikuwa anapita tu." Anapita tu, eti. Nani anapitaga tu na kifurushi cha samaki?

Akarudi wiki iliyofuata, na ile ingine. Kila mara samaki. Nikaanza kumuchunga. Sisi ni watu wa Kasai: kuku akipikwa, firigisi anakula baba mwenye nyumba, basi. Mwanamuke haigusi, hata binti kama minye. Tangu papa yetu afariki, firigisi ya kwetu alikuwa anakula paka. Kwa hiyo siku ambayo kuku atapikwa ningejua mama anawaza nini juu ya huyu baba. Lakini samaki hana firigisi. Mujanja sana, yule.

Niliogopa, niseme kweli. Shangazi, dada ya papa, alikuwa ameshaniambia: "Mama yako akiolewa, weye unakuya kwetu Kolwezi. Mutoto ni wa ukoo wa baba." Kule simujui muntu. Minye nilikuwa na mama tu, na sikutaka kuachana naye.

Nilipopata pointi nzuri ku mitihani, mama akauliza nataka zawadi gani. Nikasema kuku.

Siku ile ya kuku direkta akafika na samaki yake, kama kawaida. Akapita jikoni kunawa mikono, akasimama mbele ya ukuta. Picha yangu ya makaa ilikuwa pale. Akaangalia, akasema tu, "Masikio yangu ni makubwa kuliko haya." Akacheka. Sikumuamini hata kidogo. Muntu wa filimbi akikuchekea, jichunge.

Tukakaa. Mama akagawa bukari, ugali wetu, akagawa nyama. Kisha nikaona kijiko kinazunguka mu sufuria, kinatafuta. Firigisi ikatua kwenye sahani ya direkta. Mama hakuniangalia. Nikaacha kula.

 Direkta akaisukuma sahani yake mbele yangu.

"Nyumba hii iko na mwenyewe," akasema. "Minye ni mugeni. Wa kunigawia ni huyu."

"Mwanamuke haigusi," nikamwambia.

"Kula," mama akasema kwa sauti ndogo.

"Na nikikula, naenda Kolwezi?"

"Mwenye kula firigisi hatoki mu nyumba yake," direkta akajibu. "Shangazi yako nimeshaenda kumuona. Nilimwambia weye unabakia na mama yako. Alikasirika, lakini alisikia."

Nikamutazama usoni, natafuta uongo. Sikuuona, lakini uongo wa mukubwa hauonekani haraka. Nikachukua kisu, nikaikata firigisi mara mbili. Kipande kidogo nikamurudishia. Kikubwa nikabakia nacho, sababu bado nilikuwa namuchunga.